Vali ni mpya, lakini je, ni uvumbuzi? Jinsi mkaguzi wa hataza anavyopima kazi ya fundi

TUCHUKUE mfano wa fundi mmoja wa jua kali katika mtaa wa Kariobangi, Nairobi. Kwa miaka mitatu amekuwa akichonga vali ya shaba ya kugawa maji ya kunyunyizia mashamba. Vali yenyewe ni ya kuzungusha. Ukiugeuza mkono wake robo mzunguko, maji huelekea kwenye mabomba ya nyanya. Ukiugeuza robo nyingine, huelekea kwenye sukuma wiki. Ukiugeuza mara ya tatu, maji hufungika kabisa. Fundi huyu hajapata kuona vali kama hiyo katika duka lolote la vifaa vya mabomba.

Anaandika maombi ya hataza, au patenti kama wengi waiitavyo, analipa ada na kungoja. Jibu linapofika, mkaguzi anakiri kwamba vali hiyo ni mpya. Hakupata nyingine iliyo sawa nayo kwa kila kiungo. Hata hivyo, maombi yanakataliwa. Sababu iliyotolewa ni fupi: uvumbuzi unaodaiwa ni dhahiri kwa fundi stadi.

Fundi huyu ni wa kubuni tu, lakini jibu alilopewa ni la kawaida katika ofisi za hataza kote ulimwenguni. Ni jibu linalowachoma wengi. Yawezekanaje kitu kiwe kipya na papo hapo kiwe dhahiri? Ikiwa ni dhahiri, mbona hakuna aliyekitengeneza?

Mkataba na umma

Ili kulielewa jibu hilo, ni sharti kwanza tuelewe hataza ni nini. Hataza si tuzo ya bidii wala cheti cha kumpongeza mtu kwa jasho lake. Ni mkataba baina ya mvumbuzi na umma. Mvumbuzi hufichua siri ya kazi yake kwa maandishi na michoro, kiasi kwamba fundi mwingine aweza kuisoma na kuitengeneza. Umma nao, kupitia serikali, humpa haki ya kuwazuia watu wengine wasiitengeneze, wasiiuze wala kuitumia kibiashara bila idhini yake. Nchini Kenya haki hiyo hudumu kwa miaka 20 tangu siku ya kuwasilisha maombi. Muda huo ukiisha, uvumbuzi huwa mali ya kila mtu.

Sheria inayosimamia mambo haya nchini ni Sheria ya Mali ya Viwandani ya mwaka wa 2001, ambayo ndiyo iliyounda taasisi ya KIPI. Kwa mujibu wa sheria hiyo, uvumbuzi haupewi hataza ila uwe mpya, uwe na hatua ya kiuvumbuzi, na uweze kutumika katika kazi za viwanda, kilimo kikiwemo.

Sharti la kwanza na la tatu hayana utata mwingi. Vali ya fundi wetu hufunga na kufungua maji, hivyo manufaa yake hayana ubishi. Upya nao hupimwa kwa kulinganisha. Mkaguzi hutafuta waraka mmoja, au kifaa kimoja kilichokwisha kuonekana hadharani popote duniani, chenye viungo vyote vinavyotajwa katika madai ya mwombaji. Akikosa, kitu ni kipya.

Sharti la pili ndilo lenye miiba. Sheria inasema uvumbuzi una hatua ya kiuvumbuzi iwapo, tukizingatia maarifa yaliyotangulia, haungekuwa dhahiri kwa mtu mwenye ustadi katika fani hiyo siku ambayo maombi yaliwasilishwa. Hapa mkaguzi haulizi tena kama kitu hicho kimewahi kuwepo. Anauliza kama fundi mzuri wa kawaida, aliyekabiliwa na shida ile ile, angekifikia bila kuhitaji kipaji cha mvumbuzi.

Kizibo kilichotoboka

Turudi kwenye vali. Vali ya kuzungusha, kwa ufupi, ni kizibo kilichotobolewa tundu na kutiwa ndani ya mwili wenye njia za maji. Tundu likielekeana na njia, maji hupita. Ukikigeuza kizibo hata tundu liutazame ukuta, maji husimama. Kizibo chaweza kuwa na umbo la pia, la mcheduara au la tufe.

Wazo hili ni kongwe. Warumi wa kale walikuwa na vali za shaba nyeusi zenye vizibo vya kugeuza katika mifumo yao ya maji, na baadhi zimefukuliwa na wanaakiolojia. Vali za tufe zenye vikalio vya plastiki laini, ambazo leo zimejaa katika mabomba ya nyumba zetu, zilienea baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Vizibo vyenye matundu matatu au manne, vya kuelekeza maji upande huu au ule, navyo ni vya siku nyingi.

Kwa hiyo mkaguzi anapoyafungua maombi ya fundi wetu, hasomi kwanza sifa za kifaa. Husoma madai, yaani zile aya zenye nambari ambazo ndani yake mwombaji huweka mipaka ya anachotaka kumiliki. Tuseme dai la kwanza linataja vali yenye mwili wa shaba, kizibo cha mcheduara chenye matundu matatu, mkono wa kugeuzia, na alama tatu za rangi zinazoonyesha maji yanakokwenda.

Mkaguzi hupekua hataza za nchi mbalimbali, vitabu, majarida na orodha za bidhaa. Anapata waraka wa kwanza wenye mwili, kizibo cha matundu matatu na mkono, ila hauna alama za rangi. Anapata waraka wa pili unaoonyesha mifereji ya maabara iliyotiwa rangi ili watu wasikosee. Hakuna waraka wenye vyote kwa pamoja, kwa hiyo vali ni mpya. Lakini je, fundi mwenye waraka wa kwanza mkononi, akitaka mkulima asikosee mfereji, angehitaji kipaji gani ili atie rangi? Hakuna. Hapo ndipo neno dhahiri linapoandikwa.

Fundi asiyekuwepo

Mtu anayetumiwa kama kipimo si mkaguzi mwenyewe, wala si profesa wa uhandisi, wala si mpita njia. Ni mtu wa kubuniwa na sheria: fundi stadi wa fani husika. Amesoma kila kilichochapishwa katika fani yake, hata kwa lugha asizozijua. Ana mikono mizuri na akili timamu. Anachokosa ni kile kipaji cha ziada kinachomtenga mvumbuzi na mafundi wenzake.

Tofauti hiyo ilitiwa maanani na Mahakama ya Juu ya Marekani zamani sana, mwaka wa 1851, katika kesi ya Hotchkiss dhidi ya Greenwood. Waliokuwa na hataza walikuwa wamechukua kishikio cha mlango kilichojulikana na kukiunda kwa udongo wa kufinyanga au kauri badala ya mti au chuma. Mahakama ilisema kubadilisha kitu cha kuundia pekee ni kazi ya fundi hodari, si ya mvumbuzi. Tangu hapo, anayebadilisha shaba kwa plastiki na kutarajia hataza huulizwa: plastiki hiyo imeleta nini ambacho hakikutarajiwa?

Siku moja, hukumu mbili

Pengine hakuna siku iliyoangaza suala hili kuliko Februari 21, 1966. Siku hiyo mahakama hiyo hiyo ya Marekani ilitoa hukumu ambazo hadi leo hunukuliwa na wanasheria wa hataza.

Mojawapo ilihusu kifaa kilicho jirani sana na vali yetu: pampu ndogo ya kunyunyizia dawa ya wadudu, ile inayokaa kwenye mdomo wa chupa. Shida iliyowasumbua watengenezaji ilikuwa kuvuja. Chupa zilizosafirishwa zikiwa tayari na pampu zake zilimwaga dawa njiani. Mvumbuzi akaunda pampu yenye kifuniko cha kuikandamiza chini na ukingo wa kuzuia uvujaji. Bidhaa iliuzwa sana, na ilikuwa imetafutwa kwa muda mrefu.

Licha ya hayo, mahakama iliibatilisha hataza hiyo. Mwenye hataza alitaka vifuniko vya midomo ya kumiminia visihesabiwe, kwa kuwa si vya fani ya dawa za wadudu. Majaji walikataa. Walisema shida yenyewe haikuwa ya dawa za wadudu bali ya kufunga chombo cha majimaji kisivuje, na kwa hiyo maarifa ya vifuniko vya vyombo vingine yalihusika. Somo kwa fundi wa vali ni bayana. Asidhani kwamba mkaguzi ataishia kwenye vali za kunyunyizia mashamba. Ataangalia vali za mafuta, za gesi, za maziwa na za maabara, mradi shida inayotatuliwa ni ile ile.

Hukumu nyingine ya siku hiyo ilihusu betri iliyovumbuliwa na Bert Adams. Ilikuwa na magnesi upande mmoja na kloridi ya shaba upande wa pili, ikahifadhiwa kavu, na kuamshwa kwa kutiwa maji ya kawaida. Serikali ya Marekani ilidai betri hiyo ni dhahiri kwa kuwa kila kiungo chake kilijulikana. Kweli vilijulikana. Lakini maandishi ya awali yaliwaonya mafundi wasifuate njia hiyo, na wataalamu wa serikali yenyewe walipoonyeshwa betri hiyo mara ya kwanza hawakuamini kwamba ingefanya kazi. Ilifanya kazi, na jeshi likaja kuitumia. Mahakama iliihifadhi hataza ya Adams.

Pampu na betri zote mbili ziliundwa kwa viungo vya zamani. Moja ikaanguka, nyingine ikasimama. Tofauti yao haikuwa katika wingi wa viungo wala jasho lililotoka. Katika pampu, maarifa yaliyotangulia yalikuwa yakielekeza njia. Katika betri yalikuwa yakiizuia.

Mwaka wa 2007, katika kesi ya KSR dhidi ya Teleflex iliyohusu kikanyagio cha gari chenye kifaa cha elektroniki, mahakama hiyo iliongeza kwamba fundi stadi naye ana ubunifu wake wa kawaida. Si mashine isiyofikiri. Kuunganisha vitu vinavyojulikana kwa njia zinazojulikana, na kupata matokeo yaliyotarajiwa, kwa kawaida ni dhahiri. Hukumu za Marekani hazimfungi mkaguzi wa Kenya, lakini swali analouliza ni lile lile.

Kitendawili kilichoteguliwa

Hapa pana hatari kubwa, na wakaguzi wenyewe huonywa dhidi yake. Kila aliyekulia katika jamii ya vitendawili anaijua. Mtegaji husema, "Nyumba yangu haina mlango." Watu huhangaika, hutaja hiki na kile, na mwishowe humpa mji. Akishatamka kwamba ni yai, wote hucheka na kusema, "Kumbe! Hilo nami nililijua."

Hawakulijua. Jibu likishasikika huonekana rahisi, na urahisi huo humdanganya msikilizaji kuhusu ugumu uliokuwepo kabla. Mkaguzi wa hataza husoma jibu kwanza, kwa kuwa limeandikwa katika maombi yaliyo mezani mwake. Kisha hurudi nyuma kutafuta nyaraka. Akiwa tayari anajua anachokitafuta, si vigumu kukwanyua kiungo hiki kutoka hapa na kile kutoka kule, akaviunga na kusema kwamba yeyote angeweza.

Kwa sababu hiyo, haitoshi mkaguzi kuonyesha kwamba viungo vilikuwepo. Anapaswa kueleza ni kwa nini fundi stadi, bila kuyaona maombi haya, angevutwa kuviunganisha kwa namna hiyo. Wakaguzi wa Ofisi ya Hataza ya Ulaya huliweka jambo hili kwa tofauti ya vitenzi: swali si kama fundi angeweza kufanya hivyo, bali kama kweli angefanya. Mwombaji naye ana haki ya kumjibu mkaguzi kwa maandishi, na kuyapunguza madai yake ili yabaki pale penye uvumbuzi halisi.

Vali ya pili

Tuseme sasa fundi wetu hakati tamaa. Katika majaribio yake amegundua jambo ambalo hakuliandika kwa kuwa aliliona dogo. Maji ya mtoni hubeba mchanga. Chembe za mchanga hunasa kati ya kizibo na raba, hukwaruza, na vali huanza kuvuja kabla msimu haujaisha. Mafundi wengine hujibu shida hiyo kwa kuikaza raba zaidi. Ni wazo linaloingia akilini, ila mkono huwa mgumu kugeuka na mchanga huzidi kukwaruza.

Yeye alifanya kinyume. Alichonga kwa makusudi mchirizi mwembamba unaokizunguka kizibo kama uzi wa parafujo. Kila mkono unapogeuzwa, maji kidogo hupita kwa kasi katika mchirizi huo na kuufagia mchanga nje kabla tundu halijafunga. Tuseme pia kwamba vitabu vyote alivyovipata mkaguzi vinaonya kuwa uso wa kizibo usiguswe hata kwa mkwaruzo, maana mkwaruzo ni chanzo cha kuvuja, na kwamba hakuna hata kimoja kinachotaja mchirizi wa aina hiyo.

Maombi haya yana sura nyingine kabisa. Vali ni ile ile ya shaba, mkono ni ule ule, hata rangi ni zile zile. Lakini dai sasa limesimama juu ya mchirizi, na mchirizi huo unakwenda kinyume cha ushauri wa fani nzima na kuleta faida isiyotarajiwa. Ikiwa fundi ameandika vipimo vya mchirizi, ameeleza shida ya mchanga, na ameambatisha matokeo ya majaribio yanayolinganisha vali mbili, mkaguzi atakuwa na kazi ngumu kutamka kwamba jambo hilo lilikuwa dhahiri.

Ikumbukwe kwamba mambo mapya hayawezi kupenyezwa katika maombi yaliyokwisha kuwasilishwa. Kama mchirizi haukutajwa tangu mwanzo, fundi hana budi kuwasilisha maombi mapya yenye tarehe mpya. Wengi hupoteza haki zao hapa. Husifu kinachong'aa, na kile kilichowagharimu usingizi hukiacha nje ya karatasi.

Madhara ya pande zote

Huenda msomaji akauliza: kuna ubaya gani mkaguzi akiwa mkarimu, hasa kwa mwananchi wa kawaida? Jibu liko katika karakana ya jirani. Lau vali yenye alama za rangi ingepewa hataza, kila fundi wa Kamukunji au Gikomba anayetia rangi kwenye mkono wa vali ya matundu matatu angeweza kushtakiwa, kwa jambo ambalo angelifanya mwenyewe bila kufunzwa na yeyote. Kampuni kubwa yenye mawakili ingeweza kujikusanyia hataza nyingi za vitu vidogo vidogo na kuuzingira uwanja mzima.

Kwa upande mwingine, mkaguzi akiwa mkali kupita kiasi, fundi wa mchirizi hatapata kitu. Atayafichua maarifa yake kisha wenye mitaji wayachukue bure. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 40, inaiamuru serikali kuunga mkono, kukuza na kulinda haki za mali ya ubunifu za Wakenya. Mizani ya udhahiri ni mojawapo ya mahali ambapo ahadi hiyo hupimwa kwa vitendo.

Mlango wa pili

Kuna njia ambayo mafundi wengi hawaijui. Sheria ya 2001 hutoa pia cheti cha uvumbuzi mdogo. Kitu kinachoombewa cheti hiki ni sharti kiwe kipya na kiweze kutumika viwandani, lakini hakidaiwi hatua ya kiuvumbuzi. Ulinzi wake ni mfupi, miaka 10 pekee isiyoongezwa, na humhusu aliyeboresha kifaa kinachojulikana. Mwombaji wa hataza anayeona mambo yanamwendea mrama aweza kuomba maombi yake yageuzwe kuwa ya cheti hiki, mradi hataza haijatolewa wala kukataliwa. Fundi wetu wa alama za rangi angelijua hilo mapema, huenda asingeondoka mikono mitupu.

Tahadhari ya mwisho inahusu kimya. Kifaa kikionyeshwa katika maonyesho ya kilimo au kuuzwa sokoni, huwa sehemu ya maarifa yaliyotangulia, na mvumbuzi aweza kunyimwa haki kwa sababu ya kazi ya mikono yake mwenyewe. Sheria ya Kenya humpa muda wa miezi 12 tangu alipokifichua awe amewasilisha maombi. Nchi za Ulaya kwa kawaida hazina huruma hiyo. Aidha, hataza iliyotolewa nchini haivuki mpaka. Anayetaka ulinzi kwingineko hulazimika kuomba huko pia, au kupitia mashirika ya pamoja kama vile ARIPO lenye makao yake Harare.

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Mkaguzi wa hataza huanzia hapo hapo: kile ambacho kila fundi mwenye macho angekiona hakiwezi kuwa mali ya mtu mmoja. Ni juu ya mvumbuzi kuonyesha, kwa vipimo na majaribio, kwamba alikiona kile ambacho wenzake, nao wakiwa na macho na wakisumbuliwa na mchanga ule ule, hawakukiona.